Binti Yetu Atakwenda PP2 Pamoja na Wenzake

Tangu shule zilipofungwa mwezi wa Agosti, nyumbani kwetu hapa Donholm pamekuwa na mjadala mmoja ambao umetukesheza mimi na mume wangu: je, binti yetu wa miaka minne, aliye PP1, darasa la kwanza la chekechea, aruke PP2, la pili na la mwisho, na kuingia moja kwa moja Gredi ya 1 ifikapo Januari? Pendekezo hilo halikutoka kwetu. Mwalimu wake, mama mpole na mwenye subira, alituita siku ya kufunga shule akatueleza kwamba mtoto anazijua herufi zote, anahesabu hadi mia moja, humaliza kazi mapema kisha huanza kuzungukazunguka akiwasumbua wenzake. Shule iko tayari kumpandisha, na kilichobaki ni sahihi zetu.

Mume wangu alitaka kutia sahihi siku ile ile. Mimi niliomba tupewe muda, na baada ya kulitafakari jambo hili kwa makini msimamo wangu ni kwamba asirushwe. Ninaandika kwa sababu wazazi wengi wa Nairobi wamesimama kwenye njia panda hii, na kwa sababu katika makundi yetu ya WhatsApp mzazi anayesita huonekana kana kwamba hamtakii mwanawe mema.

Nianze na hoja za mume wangu, kwa kuwa ni nzito na amezitoa katika maisha yake mwenyewe. Yeye alirushwa kutoka darasa la tatu hadi la tano enzi za mfumo wa zamani wa elimu wa 8-4-4 katika shule ya kijijini, akaufanya mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi akiwa mdogo kuliko darasa zima, na hakujikwaa popote. Baba yake, aliyekuwa na kundi la watoto wa kusomesha, alipumua kwa karo ya mwaka mmoja. Sisi pia tunalipa karo, na sitajifanya kwamba karo ya mwaka mzima ni jambo dogo katika mji huu. Hoja yake ya pili ndiyo inayoniuma zaidi: mtoto anayeona kila kazi ni nyepesi hukosa mazoea ya kuhangaika, na siku atakapokutana na kazi ngumu atavunjika moyo upesi. Hilo ni kweli, na nitalirudia.

Husema pia kwamba utafiti uko upande wake, na kwa kiasi fulani uko. Mwaka 1971 Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alianzisha mradi wa kuwatafuta vijana wenye kipaji kikubwa cha hisabati, na mradi huo ukawafuatilia kwa miongo mingi. Wengi walioruhusiwa kusonga mbele kwa kasi walifika mbali katika taaluma zao. Lakini wale walikuwa vijana wa miaka 12 na 13, na walichujwa kwa mtihani uliotungwa kwa ajili ya wanafunzi wanaojiandaa kuingia chuo kikuu. Kipaji chao kilikuwa kimekwisha kujidhihirisha, nao walikuwa na umri wa kusema wenyewe wanachokitaka. Kuyachukua matokeo yao na kuyatumia kumwamulia mtoto wa miaka minne ni kuruka hatua nyingi mno.

Na binti yetu anajua nini hasa? Jioni moja nilipanga maharagwe mezani kwa safu mbili zilizolingana, akakubali kwamba zote ni sawa. Nikaitanua safu moja mbele ya macho yake, bila kuongeza wala kupunguza hata punje moja, nikamuuliza tena. Bila kusita akaonyesha safu ndefu: "Hii ni mingi, mama." Mtoto huyu huyu anahesabu hadi mia moja bila kukosea. Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget alilieleza jambo hili miaka mingi iliyopita, na kila mwalimu wa chekechea aliyesomea kazi yake analifahamu: kuelewa kwamba idadi haibadiliki kwa kupangwa upya huja kwa watoto wengi karibu na umri wa miaka sita au saba. Si kasoro na wala si uzembe. Anaijua ile orodha ya namba kama anavyoujua wimbo, lakini wingi wenyewe bado anaujenga kichwani, na PP2 ndiyo mahali pa kuujenga, kwa vifuniko vya chupa, vijiti na mawe, kabla hajaletewa kurasa za kujumlisha na kutoa.

Mkono wake nao una habari yake. Huishika penseli kwa ngumi na kuikandamiza hadi ncha inakatika, na anapokosea hufuta mpaka karatasi inatoboka. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane, lakini mtoto anapozaliwa yote bado ni gegedu laini ambayo hugeuka mfupa kidogo kidogo, na ule wa mwisho huanza kugeuka kati ya miaka tisa na kumi na mbili hivi. Ndiyo maana picha ya eksirei ya mkono wa mtoto wa miaka minne huonyesha baadhi tu ya mifupa hiyo, na sehemu nyingine huonekana tupu. Mkono huu unahitaji kufinyanga udongo, kukata kwa mkasi na kufunga vifungo vya sweta. Katika madarasa ya Gredi ya 1 niliyoyaona unadaiwa kunakili sentensi kutoka ubaoni, kurasa kwa kurasa, na mtoto asiyemaliza hubaki ndani wakati wa mapumziko.

Liko jambo ambalo sisi wenye Kiswahili tungepaswa kuliona mapema kuliko wengine wote, nalo ni la kusoma. Mtaala unataka mtoto wa madarasa ya chini, hadi Gredi ya 3, afundishwe kwa lugha ya mama au lugha inayozungumzwa eneo la shule, na kwa mitaa mingi ya Nairobi lugha hiyo ni Kiswahili. Hata hivyo shule nyingi za kibinafsi humwanzisha mtoto kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, na mzazi hupima akili ya mwanawe kwa Kiingereza anachosoma. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa: mtoto akishazishika ba, be, bi, bo, bu, ameshapata funguo za karibu kila neno. Kiingereza hakina huruma hiyo. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa lugha 13 za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa shule. Watoto wa Finland, ambao huanza darasa la kwanza wakiwa na miaka saba, walisoma sawasawa asilimia 98 ya maneno ya kawaida waliyopewa. Watoto wa Uskochi, walioanza shule wakiwa na takriban miaka mitano na kufundishwa kwa Kiingereza, walisoma asilimia 34. Tofauti hiyo ina sababu zake, na ugumu wa tahajia ya Kiingereza ndio mkubwa. Hata hivyo inatosha kunionyesha kwamba kuanza mapema hakumfikishi mtoto mapema, na kwamba kumrusha binti yetu ili akakutane na Kiingereza kigumu mwaka mmoja kabla ya wakati ni kumzidishia mzigo pale pale palipo pazito.

Ninajua hofu inayotusukuma. Sisi wazazi wa leo tulilelewa na KCPE, mtihani ulioamua kwa siku chache nani aende shule ya kitaifa na nani abaki nyumbani, na ingawa ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, woga wake bado tumeubeba. Ndio unaotufanya tulipie masomo ya likizo hata kwa watoto wa chekechea, ilhali Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeyapiga marufuku. Lakini tuutazame utaratibu uliopo. Katika kumpangia mwanafunzi shule ya Gredi ya 10, tathmini ya KJSEA mwishoni mwa Gredi ya 9 huchukua asilimia 60, za Gredi ya 7 na 8 huchukua 20, na KPSEA ya Gredi ya 6 huchukua 20 zilizobaki. Hakuna alama hata moja ya PP1, PP2 au Gredi ya 1 inayoingia humo. Hayo mashindano tunayoogopa watoto wetu watashindwa hayajaanza, na tutakapoyafikia binti yetu, akirushwa, atapimwa pamoja na watoto waliomzidi umri kwa mwaka mmoja au zaidi.

Umri huo unaonekana hata pale mwalimu anapodhani anaona tabia. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani kuhusu majimbo ambako mtoto lazima awe ametimiza miaka mitano kufikia tarehe 1 Septemba ndipo aanze shule. Waliozaliwa Agosti, ambao huwa wadogo kuliko wote darasani, waligunduliwa kuwa na ADHD, yaani hali ya kushindwa kutulia na kuzingatia, kwa kiwango cha takriban 85 kwa kila watoto 10,000. Waliozaliwa Septemba, ambao huwa wakubwa kuliko wote, walikuwa takriban 64. Mwezi mmoja wa kuzaliwa hauwezi kumpa mtoto maradhi. Kinachotokea ni kwamba mdogo hulinganishwa na wakubwa, na utoto wake huonekana kuwa tatizo. Binti yetu huzungukazunguka PP1 kwa sababu amemaliza kazi, na Gredi ya 1 atazungukazunguka kwa sababu ana miaka mitano, ila huko ataitwa mtundu.

Kuna mambo mengine nitayapitia haraka. Basi linalobeba wanafunzi wa Gredi ya 1 hupita hapa mtaani alfajiri giza likiwa bado limetanda, ili liwahi kabla Jogoo Road haijasimama kwa msongamano, ingawa Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi. Mwaka mmoja zaidi wa usingizi kwa mtoto mdogo si kitu cha kudharauliwa. Tena akirushwa sasa ataingia Gredi ya 10, ambayo kwa wengi ni bweni, akiwa na miaka 14 badala ya 15, na atamaliza Gredi ya 12 akiwa na miaka 16, kisha angoje zaidi ya mwaka kabla ya kupata kitambulisho cha kitaifa. Mume wangu anasema hayo yako mbali. Mimi naona msichana wa miaka 14 bwenini ni jambo la kufikiriwa tangu leo, kwa sababu mwaka ukishaondolewa huku chini haurudishwi kwa urahisi: sheria ile ile ya 2013 hairuhusu mwanafunzi kurudishwa au kuzuiwa darasani.

Sasa nirudi kwenye hoja inayoniuma, ile ya mtoto asiyepewa kazi ya kumsumbua. Nilimwendea mwalimu wake, nikamwambia, "Mwalimu, naomba umbakishe na wenzake, lakini usimwache bure." Alinisikiliza vizuri. Tumekubaliana kwamba PP2 atakapomaliza kazi atapewa mafumbo ya maumbo, vitabu vya hadithi vya Kiswahili, na jukumu la kuwasimulia wenzake hadithi aliyoisoma, na mwalimu anasema hilo la kusimulia ni gumu kuliko kurasa zote za hesabu, kwa sababu lazima akumbuke, apange, na angoje wenzake wamwelewe. Nyumbani baba yake amechukua zamu ya bao, na binti yetu anashindwa kila mara, jambo ambalo mume wangu amekiri kwamba ndilo alilokuwa akilitafuta Gredi ya 1.

Bado hajakubaliana nami kwa kila jambo. Anaamini kwamba yeye alifaidika kwa kurushwa, na siwezi kumwambia hakufaidika. Ametoa sharti moja nami nimelipokea: akifika Gredi ya 4 na bado ni wazi kwamba darasa linamchelewesha, tutakaa upya na walimu wake, na safari hiyo binti mwenyewe atakuwa na sisi mezani aseme analolitaka.