Kikosi cha viazi pale Isyonje

Dar hadi Mbeya siielezi. Aliyewahi kuketi kwenye basi kutoka stendi ya Magufuli mpaka Nane Nane anaijua, na magoti yake yanaikumbuka. Tulikuwa watatu, baba, mwanangu na mimi, tukienda Tukuyu kumjulia hali shangazi.

Nane Nane konda aliapa kwamba Kosta ikijaa tu inaondoka. Ikajaa, kisha ikajaa tena. Mwanangu akakalishwa kwenye ndoo katikati ya njia, na nauli yake ikadaiwa kamili. Nilipolalamika nikaambiwa ndoo nayo ni siti.

Isyonje, pancha. Spea ilikuwepo, jeki hakuna. Mvua ya Rungwe, nyembamba isiyo na haraka, na baridi ya kutoboa sweta. Tukajibanza kwenye kibanda cha mama muuza viazi, ambaye aliiona neema yake na kupandisha bei ya chai papo hapo.

Mzee mmoja akamsalimu baba kwa Kinyakyusa, wakaulizana ukoo, na chai haijapoa walikuwa wamefika 1986: Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo vile, bingwa wa Tanzania Bara, Simba na Yanga wakitazama. Habari hiyo nimelishwa tangu utotoni. Mimi mpira haukunishika. Baba alininunulia hadi viatu vya njumu, mwishowe akakata tamaa, na siku hizi maongezi yetu ni dawa ya presha, luku na ada.

Mwanangu, Simba damu (namshuku mama yake), akadakia: “Babu, kwa hiyo Simba nao waliachwa?”

Uso wa baba ulivyochangamka! Akavuta viazi akaanza kupanga kikosi juu ya benchi, kipa kiazi kikubwa. Mzee akapinga winga wa kushoto, akakisogeza. Wakabishana, wakaongeza wengine, mpaka mwanangu akahesabu na kusema, “Babu, mbona wako kumi na wawili?” Baba akacheka hadi akakohoa. Sikumbuki lini nimemchekesha hivyo.

Mzee naye akamjaribu kijana: Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu, msimu wa 2013/14, ilimaliza ya ngapi?

“Ya tatu. Nyuma ya Azam na Yanga.”

“Na Simba?”

Mwanangu akaangalia mvua. “Ya nne.”

Jeki ililetwa na lori la ndizi kutoka Kyela. Mama akadai hela ya viazi “vilivyochezewa”, na kikosi kizima nikakilipia mimi, pamoja na yule wa kumi na mbili.

Kwa shangazi sina cha kusimulia, ni ndizi na mvua. Wale wawili hawakukaa ndani. Wameshapanga kwenda Sokoine kuiona Mbeya City, mimi sikuulizwa kama nitakwenda. Nimeulizwa nauli.