Kila fundi aliniambia niweke 3L

Naanza na sumaku, maana ndiyo iliyoniaibisha mapema kuliko vyote.

Niliposikia kuna Landrover fupi ya 1967 inauzwa Usangi, huko juu milimani Upareni, jamaa yangu mmoja mjuaji alinipa somo: ukienda kununua gari kuukuu beba sumaku, ipitishe kwenye bodi, isiposhika ujue wamejaza puti, ile lipu ya kuzibia mashimo ya kutu. Nikachomoa sumaku ya spika mbovu, nzito kama nusu tofali, nikapanda nayo mlimani kwenye Noah iliyojaa watu na mikungu ya ndizi.

Gari lilikuwa chini ya mparachichi, halijawashwa miaka kama kumi na minne, kuku wanatagia siti ya abiria. Macho yake bado yako katikati, yamekaribiana kama ya bundi. Yale yenye taa kwenye madigadi ni ya baadaye kidogo. Moyo ukanidunda. Nikaweka sumaku mlangoni, ikaanguka. Boneti, ikaanguka. Digadi la kulia, la kushoto, ikaanguka. Nikamgeukia mwenye gari, mama mmoja mtu mzima, nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwizi: "Mama, shikamoo tena, lakini hili gari lote ni puti!"

Mama hakunijibu. Mjukuu wake, mtoto wa darasa la tano hivi, ndiye aliyenihurumia: "Anko, hilo si bati la sufuria?"

Kweli, ni aluminiamu. Landrover zilipoanza Uingereza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgawo kwa sababu ya vita iliyokuwa imetoka kuisha, wakaamua bodi iwe aluminiamu. Chuma kimebaki kwenye chasisi na ule ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Hapo ndipo Landrover inapowatapeli watu: bodi haina kutu hata tone, chini chasisi imelowa kama biskuti kwenye chai. Acha sumaku nyumbani, beba nyundo ndogo. Gonga chasisi toka mbele mpaka nyuma usikilize. Chuma kizima kinalia kama kengele, kilichooza kinasema "pu". Yangu ilisema "pu" mara tatu, zote nyuma, kwenye ile boriti ya mwisho inayobeba ndoano. Nikatoa milioni mbili na ushee. Mama alinipunguzia, nadhani kwa ajili ya ile puti.

Kulishusha mpaka Moshi sisimulii. Ni Canter, minyororo na sala.

Sasa injini. Ni ya petroli, silinda nne, cc 2286, na ilikuwa imeshika kabisa. Unapachika hendeli mbele, unaning'inia kama popo, haiendi hata unywele. Nilileta mafundi wanne kwa zamu. Wote wanne, bila kushauriana, walifungua boneti, wakachungulia, wakasema: "Bosi, tupa hilo, weka 3L." Nawaelewa. 3L ni injini ya dizeli ya Toyota, spea zake unaweza kuzikuta mpaka kwa mangi, pembeni ya sukari. Lakini ukishaweka 3L unakata viti vya injini, namba ya injini kwenye kadi hailingani tena na iliyopo, na gari linabaki Landrover kwa sura tu. Wa tano aliyenishauri hivyo hata sikumpa chai.

Ila sikuwa na busara kuliko wao. Mtu mwingine alisema livutwe na Fuso, weka gia ya pili, achia klachi, itaachia yenyewe. Kwa gari lenye betri iliyokufa, sawa, sote tunasukuma hivyo. Nikatafuta Fuso, tukafunga cheni, mimi kwenye usukani nimenyooka kama balozi. Lami nzuri, tunakwenda pole pole, nikaachia klachi. Tairi za nyuma zikalia kwii, gari likagoma kama punda, halafu chini ya kiti changu pakasema PA! Ghafla gari likawa laini, linateleza nyuma ya Fuso bila shida yoyote. Nikapiga honi kwa furaha (haikulia, haina waya). Nikapaza sauti: "Imeachia!" Dereva wa Fuso akashuka, akainama, akasema: "Bosi, injini haijaachia. Ekseli ndiyo imeachia."

Shafti ya nyuma ilikatika ndani ya difu, lile tumbo la gia katikati ya ekseli. Kutoa shafti ya gari hili ni raha: bolti sita pale katikati ya tairi, unaivuta, tairi wala huligusi. Lakini kipande cha ukubwa wa dole gumba kilibaki ndani, na fundi akataka kushusha difu zima kwa laki na nusu. Nikajaribu kwa waya wa henga saa nzima. Ndipo nikaikumbuka sumaku yangu. Nikaivunja kwa nyundo, nikachukua kigae kimoja, nikakibandika kwa supagluu kwenye mpini wa fagio, nikauingiza kwenye bomba la ekseli. Tik. Nikavuta taratibu, pumzi nimeibana, kipande kikatoka kimejipinda kama jojo. Laki na nusu imebaki mfukoni. Shafti yenyewe ilipatikana Gerezani, Dar, bei sikumbuki, ila nauli ya basi iliniuma zaidi.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa jirani, zamani dereva wa Landrover za shamba. Nilimwamkia, "Shikamoo meku," hata hakuitikia vizuri. "Gia ya pili? Mwanangu, ulitaka kuivunja?" Akanieleza kwamba kwenye gia ndogo mzigo wote unaishia kwenye shafti kabla injini haijapata habari. Gia ya nne ndiyo inayoipa tairi nguvu juu ya injini. Na injini iliyoshika haivutwi, inatikiswa.

Basi nikatoa plagi zote nne, nikamimina kila silinda kikombe kidogo cha mafuta ya taa na oili ya hidroliki, nusu kwa nusu. Kila jioni naongeza. Siku ya tisa nikakusanya vijana wanane toka uwanja wa mpira wa Pasua. Gia ya nne, mguu nje ya klachi. Mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele, nyuma, kama mnabembeleza mtoto mzito. Dakika kumi hakuna kitu. Vijana wameanza kudai soda. Halafu nikaona feni imesogea, upana wa kidole. Nikanyamaza nisiwape kiburi. Mbele, nyuma, na mara ikazunguka yote, ile dawa ya siku tisa ikaruka kwenye matundu ya plagi, chwaa, moja kwa moja kifuani kwa kijana mwenye jezi nyeupe aliyekuwa anachungulia. Jezi niliilipa.

Tangi lilikuwa limejaa kutu, kwa hiyo tuliwasha kwa dripu: chupa ya petroli imening'inizwa kwenye boneti, mpira unaingia kwenye kabureta. Iliwaka mara ya tatu. Ekzosi ikatema kwanza kiota cha nyigu.

Kuchomelea chasisi kulikula wiki mbili na hela nyingi kuliko nilivyomwambia mke wangu. Rangi nilipiga kijani, lakini si ya jeshi. Hiyo ni kujitafutia maswali barabarani. Gia ya kwanza na ya pili mpaka leo zinataka klachi mara mbili, usipofanya hivyo zinakusonya mbele za watu.

Oktoba 2024 nikalipeleka Arusha kwenye tamasha la Landrover, spidi sabini, bajaji zinanipita. Nimepaki katikati ya Landrover 110, zile mia-na-kumi, zinazong'aa, jamaa mmoja akaja, akalizunguka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anayeuliza siri:

"Umeweka 3L?"

Nikafungua boneti.