Usiku wa Kupima Njia

Mwaka wa tatu wa udaktari ndipo mwanafunzi anapotolewa darasani na kuingizwa wodini, na ndipo anapokabidhiwa logibuku. Yetu ilikuwa na jalada la bluu, pembe zimeshakunjamana kabla hata rotesheni ya kwanza, yaani kipindi cha mafunzo katika idara moja, haijaisha kwa sababu haikutoka mfukoni mwa koti. Kila ukurasa una jedwali: tarehe, namba ya faili, ulichofanya, sahihi ya aliyekusimamia. Kwa upande wa leba kulikuwa na mistari ya kuzalisha, ya kushona msamba, ya kusikiliza mapigo ya mtoto tumboni na, mingi kuliko yote, ya kupima njia, yaani kuingiza vidole viwili kupima mlango wa uzazi umefunguka sentimita ngapi. Mistari isipojaa huingii kwenye mtihani wa kufunga rotesheni. Usipoingia unarudia, na kurudia maana yake ni kumpigia baba simu na kutafuta pa kuanzia.

Ilikuwa 2014, katika hospitali ya rufaa ambayo sitaitaja. Leba yake ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda vilivyotenganishwa kwa mapazia ya kijani, mengine yamekatika ndoano, ukiyavuta yanafunika nusu ya kitanda. Ndugu hawakuruhusiwa kuingia. Mama mkwe, dada, wifi, wote walibaki nje kwenye benchi na chupa zao za uji, na mzazi aliingia peke yake na beseni lake, khanga zake na pamba. Ndani alikutana na wakunga wachache kwa zamu nzima, na sisi. Sisi tulikuwa wengi. Makoti meupe, stetoskopu shingoni, na kila aliyelala pale alituita "dokta". Hakuna aliyewaambia vinginevyo.

Somo la maadili na sheria za afya tulikuwa tumeshalisoma, tena tumelifaulu. Mhadhiri wetu alikuwa mzuri. Alitufundisha kesi ya New York ya 1914, ambamo Jaji Benjamin Cardozo aliandika kwamba kila mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuamua mwili wake ufanywe nini. Mwanamke mwenye kesi alikuwa amekubali kuchunguzwa tu akiwa chini ya dawa ya usingizi; alipozinduka alikuwa ameshapasuliwa. Watu wengi wanaoyanukuu maneno yale hawajui kwamba mwanamke mwenyewe alishindwa kesi. Hospitali ilikuwa ya hisani, na mahakama ikaona haiwezi kubebeshwa kosa la madaktari waliofanya kazi humo. Tulisoma pia kanuni za Nuremberg za 1947, zilizotokana na kesi ya madaktari wa Kijerumani waliofanyia wafungwa majaribio, tukasoma Tuskegee ya huko Marekani, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende waliachwa bila tiba ili wataalamu watazame ugonjwa unakwendaje. Cha nyumbani kilikuwa kimoja tu, mkasa wa Dar es Salaam wa Novemba 2007: mgonjwa wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti, na wote wawili jina lao la kwanza lilikuwa moja. Basi tukatoka darasani tukiamini kwamba ubaya wa madaktari hufanywa na Wajerumani na Wamarekani, na kwamba kwetu cha muhimu ni kusoma jina la pili kwenye faili.

Dada ninayemkumbuka alilala pale usiku mmoja; alikuwa na umri wa kulingana nami, mimba ya kwanza, chupa imepasuka jioni ile. Nyayo zake zilikuwa na hina iliyoanza kufifia. Hakuwa na kelele. Uchungu ukija aliuma pindo la khanga na kutazama taa. Mkunga alikuwa amempima saa mbili usiku, akamkuta sentimita tano, akaandika, akaenda kumshughulikia mama mwingine aliyekuwa akitoka damu.

Saa tatu na kitu rezidenti wa zamu, daktari anayesomea ubingwa, akatukusanya. Nimtendee haki: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesimama tangu asubuhi, na wenzake wengi saa kama zile walikuwa hawataki hata kumuona mwanafunzi. Yeye alifundisha. "Nani hajapata wa kupima leo?" Mikono ikanyooka. Akamwambia yule dada, "Mama, tulia kidogo, madaktari wanakuangalia," akatupanga.

Mwenzangu wa kwanza akavaa glavu, akapima. "Ngapi?" "Tano." Akaja wa pili. "Ngapi?" "Sita. Hapana, tano." Tukacheka kidogo, kicheko cha wanafunzi. Mimi nilikuwa wa tatu, glavu mkononi tayari, na kwa kuwa nilikuwa nikisubiri nilipata nafasi ya kumtazama. Kila mkono ulipomkaribia alikuwa akijisogeza juu, kidogo tu, makalio yakipanda godoro kuelekea kichwani. Hakusema neno. Alipoanza alikuwa katikati ya kitanda. Sasa utosi wake ulikuwa umegusa vyuma na hakuwa na pa kwenda tena.

Hapo ndipo mkunga aliporudi. Alikuwa karibu kustaafu, na wote tulimwita Mama, hata mabingwa. Hakutusemesha. Alichukua faili, akafungua ukurasa wa partografu, akausogeza chini ya taa.

"Huyu kapimwa saa mbili. Anatakiwa kupimwa tena saa sita. Hapa naona alama moja." Akainua macho. "Nyie mnachopima, mnaandika wapi?"

Hakuna aliyejibu. Logibuku zilikuwa mifukoni.

Aliyewahi kuishika partografu atanielewa. Ni karatasi moja ambayo leba yote ya mtu imo: alama ya X ya njia inavyofunguka, duara la kichwa kinavyoshuka, mapigo ya mtoto, presha ya mama. Njia hupimwa kila baada ya saa nne, si kwa uvivu wa wakunga, bali kwa sababu kila kidole kinachoingia kinaweza kuingiza wadudu, hasa chupa ikishapasuka. Vipimo vya wenzangu wawili havikuwa na X. Kwenye faili la yule dada havikufanyika kabisa. Vilikuwepo kwenye vitabu vyetu tu, na pale ndipo nilipoelewa kwamba havikuwa vya kwake tangu mwanzo.

Rezidenti akasema kwa upole, "Mama, hii ni hospitali ya kufundishia. Wasipojifunza kwa huyu, watajifunza kwa nani?"

"Kwa huyu huyu. Wamemwomba?"

"Aliyekuja hapa anajua kuna wanafunzi."

"Anajua?" Mama akamgeukia mzazi, akamwekea mkono begani. "Mwanangu, hawa ni akina nani?"

"Madaktari."

"Wamekwambia kwa nini wanakupima tena?"

Yule dada akasubiri uchungu upite kwanza. Kisha akasema, "Nilijua mtoto ana shida, mnanificha."

Sijui wenzangu walihisi nini. Rezidenti alitazama saa yake ya mkononi, kisha akaitazama tena. Binti wa watu alikuwa amelala pale akihesabu mikono, na kila mkono ulioongezeka aliusoma kuwa habari mbaya. Kimya chake sisi tulikiita ushirikiano. "Mgonjwa anashirikiana" ni maneno tunayoyaandika kila siku.

"Wewe mwenye glavu," Mama akaniambia. "Ni zamu yako, sivyo? Mwambie wewe ni nani."

Nilikuwa nimefundishwa kuchukua historia ya mgonjwa, nimefundishwa kumweleza mtu habari ya msiba, ila sentensi ile sikuwahi kufundishwa. Nilianza na shikamoo, kwa mtu wa rika langu, akashangaa. Nikasema jina langu. Nikasema, mimi si daktari, ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tatu. Nikasema mtoto anaendelea vizuri, sista ameshampima na hakuna kinachofichwa. Nikasema ninaomba kumpima njia ili nijifunze, kwamba kwake haitaongeza chochote, na kwamba anaweza kukataa.

"Nikikataa?"

"Hakuna kitu. Sista atakupima saa sita kama ilivyopangwa."

"Basi sitaki, dada." Akanitazama usoni. "Usinune."

Mama alicheka hadi akashika nguzo ya kitanda. Rezidenti akaguna, akawachukua wengine akaenda nao kitanda cha mbele. Mimi nikaambiwa nivue glavu, nikanawe, nirudi nikae.

Nilikaa. Kiganja changu kilikuwa juu ya tumbo lake, saa yangu mbele ya macho. Kila nusu saa unahesabu mikazo inayokuja ndani ya dakika 10, na kila mkazo umechukua sekunde ngapi. Usiozidi 20 unatiwa vidoti kwenye kiboksi chake, wa kati unapigwa mistari ya mshazari, uliozidi 40 unajazwa wino wote. Ukikaa muda wa kutosha mkono unajua mkazo unakuja kabla mama hajakunja uso. Tumbo linaanza kukaza upande wa juu, chini ya vidole, kisha linashuka. Kati ya mkazo na mkazo aliniuliza kama nimeolewa, kama chuo kinalipa, na kama mwanafunzi akikosea anafanywaje. Mama alinipa kalamu, nikajaza viboksi vile kwa mkono wangu, kwenye faili lake. Saa sita alipimwa: tisa. Kabla ya saa nane usiku akajifungua mtoto wa kiume mwenye sauti, na mama mkwe huko nje akapiga vigelegele mlinzi akamnyamazisha.

Bwenini kesho yake lilizuka zogo. Mwenzangu mmoja, ambaye leo ni daktari hodari wilayani, aliniambia kwa hasira, "Wakikataa wote, nani atazalisha vijijini?" Ni swali la haki na sijawahi kulidharau. Daktari asiyejua kupima njia ataua mtu. Ila lilikuwa na dhana ndani yake, kwamba watu wakiulizwa watakataa, na dhana hiyo hatukuwa tumeijaribu. Niliijaribu mimi kwa wiki zilizobaki, kwa ubishi tu mwanzoni. Wengi walikubali. Mmoja alitaka nimwoneshe kucha kwanza. Mwingine alisema nimpime pamoja na sista saa ya kipimo ikifika, mara moja tu tumalize, jambo ambalo lingepaswa kuwa utaratibu wa wodi tangu enzi. Mwingine alikubali mimi na kuwakataa wavulana. Logibuku yangu ilijaa siku ya mwisho, na aliyetia sahihi mstari wa mwisho ni yule yule rezidenti. "Wewe ndiye wa kuomba ruhusa," alisema, akaandika.

Baadaye nilipata kusoma utafiti uliofanywa mkoani Tanga, uliotoka mwaka ule ule, kuhusu wanawake kudhalilishwa wakati wa kujifungua. Walipohojiwa wakitoka hospitalini, karibu mmoja kati ya watano alieleza kwamba alitendewa vibaya kwa namna fulani. Walipofuatwa tena majumbani wiki kadhaa baadaye, wakafika zaidi ya robo. Ni walewale, wamekwishafika kwao, hakuna koti jeupe linalowatazama. Tangu nisome pale, sikiamini tena kimya cha mtu aliyelala kitandani kwangu.

Kuna kitu kingine nilichokuja kukiona polepole. Kwa upasuaji tulikuwa na fomu ya ridhaa, na mgonjwa asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Kwa vidole viwili hakukuwa na fomu, basi akilini mwetu hakukuwa na ridhaa ya kuombwa. Sheria haiko hivyo. Kumgusa mtu mzima mwenye akili timamu bila idhini yake, pasipo dharura, kunaweza kuhesabika shambulio hata kama mgusaji ana shahada, na fomu ni ushahidi tu wa mazungumzo yaliyofanyika. Siku hizi nimeona fomu nyingi ambazo ni ushahidi wa mazungumzo ambayo hayakufanyika, lakini hilo ni la siku nyingine.

Mtihani wa kufunga rotesheni ulikuwa wa vituo, na kituo kimoja kilikuwa cha kupima njia kwa mdoli wa plastiki uliokatwa kiunoni na mapajani. Nikausalimu mdoli. Nikajitambulisha, nikaueleza mimi ni mwanafunzi na nataka kufanya nini. Mtahini wa kutoka nje akatabasamu, akatazama karatasi yake ya alama, akaniambia kwa wema kabisa, "Endelea tu, binti, hapo hakuna alama."

Leo mimi mwenyewe husimamia kituo hicho. Kwenye karatasi yetu kisanduku kipo, na alama yake ni moja. Wanafunzi wameshaigundua. Wanaingia, wanamsomea mdoli jina, mwaka na haki ya kukataa kwa pumzi moja, glavu zimeshavaliwa tangu mlangoni, na kabla hawajafika kwenye nukta vidole vimeshaingia. Nawapa alama yao, maana karatasi inasema waipate. Kisha huwa nawauliza: na mdoli akikataa? Wengi hunitazama kwa mashaka, kana kwamba nimeuliza jambo lisilokuwemo kwenye silabasi. Kweli halimo.