Madirisha yakijaa kwenye mwambaa kazi: mpangilio unaofaa kompyuta za sekretaria

Ingia sekretaria yoyote ya kupiga barua na kopi hapa Lubumbashi, iwe kwenye komini ya Kenya, ya Kamalondo au karibu na chuo kikuu, kisha uangalie sehemu ya chini ya skrini saa nne asubuhi. Barua za Word saba au nane, fakture (ankara) za Excel, TFC (kazi ya kumaliza masomo) ya mwanafunzi iliyofunguliwa kutoka kwenye flashi, PDF zinazosubiri kuchapwa, Chrome, folda mbili tatu. Mteja akirudi kuulizia barua yake, anayepiga anafungua dirisha moja baada ya jingine hadi aipate. Barua ilikuwepo muda wote. Mwambaa kazi, yaani ule ukanda wa vitufe chini ya skrini, ndio uliomwangusha, maana ulipangwa kwa ajili ya mtu mwenye programu tano, wakati yeye ana nyaraka kumi na tano za programu moja.

Watengenezaji wa mifumo wamejaribu dawa kadhaa za tatizo hili. Mac hupunguza ukubwa wa aikoni kadiri zinavyoongezeka. Naona ni dawa mbaya: tangu utafiti wa Paul Fitts wa mwaka 1954 inajulikana kwamba shabaha ikiwa ndogo, mkono huchukua muda mrefu zaidi kuifikia, na hapa shabaha inapungua wakati uleule ambapo vya kuchagua vimezidi. Dawa nyingine ni kuficha ziada kwenye safu ya pili yenye vishale vya kupanda na kushuka, kama Windows 10 inavyofanya. Hapo huoni hata kama kuna kitu kimefichwa, usipotazama kona.

Iliyoenea zaidi ni kukusanya. Madirisha yote ya Word yanawekwa chini ya aikoni moja. Ukiigusa, zinatokea picha ndogo za kila dirisha. Windows XP ya mwaka 2001 ilikusanya pale tu nafasi ilipokwisha, lakini tangu Windows 7, mwaka 2009, kukusanya kila wakati ndiyo hali ya kawaida na majina yamefichwa. Kwa mwenye dirisha moja la kila programu, ni safi. Kwa sekretaria ni mateso, kwa sababu picha ndogo ya barua ni karatasi nyeupe yenye mistari ya kijivu, na barua nane za maombi ya kazi zinafanana zote. Jina la faili ndilo linalotofautisha, nalo ndilo lililobanwa hadi kubaki herufi chache.

Kanuni ninayoisimamia ni hii: mwambaa uonyeshe jina, na kitufe kisihame mahali pake. Mkono huzoea mahali kabla ya jicho kusoma. Ndiyo maana hata chaguo la katikati la Windows, la kukusanya pale tu mwambaa unapojaa («Lorsque la barre des tâches est pleine»), silipendi. Ukiwa karibu na kikomo, dirisha moja likifunguka Word zote zinakusanyika, likifungwa zinatawanyika tena, na kila kitufe kinaruka kwenda upande mwingine huku mteja amesimama mbele yako.

Sasa hesabu. Kompyuta mkononi nyingi za mitumba zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Kwenye Windows 10, kisanduku cha kutafutia peke yake kinakula zaidi ya pikseli 300. Ongeza kitufe cha kuanzia, kitufe cha kuonyesha kazi zote, hali ya hewa, saa, lugha na alama za pembeni, na nafasi iliyobaki ni kama nusu ya upana. Kitufe chenye jina kikichukua pikseli 160 hivi, vinne vinatosha kuijaza. Baada ya hapo vinaanza kubanwa, na majina yanakatika.

Kwa hiyo kabla ya kubadili kingine chochote, rudisha nafasi iliyoibwa. Bofya kulia mahali patupu kwenye mwambaa, chagua Rechercher (kutafuta), kisha Masqué (imefichwa). Ondoa alama ya tiki kwenye «Afficher le bouton Affichage des tâches», yaani kitufe cha kuonyesha kazi zote. Zima habari na hali ya hewa. Halafu pitia aikoni zilizobandikwa: ambayo haiguswi kila siku, bofya kulia na uchague «Détacher de la barre des tâches» ili kuibandua. Aikoni iliyobandikwa inashika nafasi hata kama programu haijafunguliwa.

Hatua kubwa ni kuusimamisha mwambaa wima, upande wa kushoto. Watu wengi wanaikataa kabla ya kuijaribu, na mimi naitetea kwa hesabu. Ukurasa wa A4 katika Word kwa asilimia 100 una upana wa pikseli 794 hivi. Ukiuachia mwambaa pikseli 150, bado zinabaki 1216, na karatasi inakaa kwa raha. Kwa upande wa urefu, 768 ni kidogo sana, na menyu za Word zinakula sehemu kubwa. Mwambaa ukitoka chini unarudisha pikseli 40 za kuandikia. Na muhimu kuliko yote: vitufe vikipangwa wima, kila kimoja kinabaki na upana uleule. Dirisha la kumi halilipunguzi jina la dirisha la kwanza. Toa kitufe cha kuanzia, toa pikseli 200 za saa na alama, zinabaki zaidi ya 500. Kwa vitufe vya urefu wa 40 unapata kumi na tatu vinavyosomeka. Ukiwasha vitufe vidogo, «Utiliser des petits boutons dans la barre des tâches», unapata zaidi.

Namna ya kuufanya kwenye Windows 10: fungua Paramètres (mipangilio), Personnalisation, Barre des tâches (mwambaa kazi). Mahali pa mwambaa kwenye skrini chagua Gauche (kushoto). Kwenye «Combiner les boutons de la barre des tâches» (kukusanya vitufe) chagua Jamais (kamwe). Zima «Verrouiller la barre des tâches» (kufunga mwambaa usisogee), vuta ukingo wa mwambaa kwa kipanya hadi majina yasomeke, kisha ufunge tena. Usisahau kufunga; usipofunga, mtu atauvuta bila kukusudia na kuuhamishia juu ya skrini. Anayeshinda kwenye jedwali pana za Excel ndiye pekee ambaye ningemwambia aubakishe chini.

Windows 11, ilipotoka mwaka 2021, iliondoa yote mawili: kuhamisha mwambaa pembeni na kuacha kukusanya. Majina yalirudi na toleo la 23H2: ingia Personnalisation, Barre des tâches, halafu Comportements de la barre des tâches, na kwenye mstari wa kukusanya vitufe na kuficha majina uweke Jamais. Ziada inaingia kwenye kitufe cha nukta tatu mwishoni mwa safu. Shida ni kwamba vinavyoanza kufichwa ni vya mwisho, yaani mara nyingi vile ulivyofungua sasa hivi, huku aikoni zilizobandikwa zikikaa mbele bila kazi. Kwenye Windows 11, kupunguza zilizobandikwa ni lazima.

Kufichwa huku kuna hatari moja ambayo sisi wa hapa tunaijua vizuri. Umeme ukikatika na mashine ya mezani haina ondulere (kifaa cha kushikilia umeme unapokatika), barua inayopotea ni ile uliyoisahau kwa sababu hukuiona. Katika Word ingia Fichier, Options, Enregistrement. Muda wa kuhifadhi akiba umewekwa dakika 10. Uweke 2.

Majina ya faili nayo yanahitaji nidhamu. Mwambaa unakata jina upande wa kulia. Ukiita faili «Lettre de motivation Ilunga», «Lettre de motivation Kasongo» na «Lettre de motivation Mutombo», vitufe vyote vitatu vitaandika «Lettre de moti…» na kazi yote ya juu imepotea bure. Anza na jina la mteja: «Ilunga lettre», «Kasongo lettre». Faili zinazotoka kwenye flashi za wanafunzi zina tabia mbaya zaidi, karibu zote zinaitwa «TFC final» au «TFC corrigé». Nakili kwenye mashine kwanza, badilisha jina, ndipo ufungue. Word haikubali kubadilishiwa jina la faili ikiwa imefunguliwa, hivyo ukianza kwa kufungua utakwama.

Kwa mashine dhaifu zenye Linux na Xfce (mazingira mepesi ya eneokazi la Linux), mambo ni rahisi zaidi. Bofya kulia kwenye mpini mdogo wa vitufe vya madirisha, si kwenye kitufe chenyewe, ingia kwenye sifa zake, zima kukusanya, na washa kuonyesha majina. Kwenye mpangilio wa mfuatano, chagua ule unaokuruhusu kuburuta vitufe kwa mkono, ili barua za mteja mmoja zikae pamoja. Zima kubadili madirisha kwa gurudumu la kipanya, la sivyo mtu akigusa gurudumu juu ya mwambaa ataanza kuandika kwenye barua ya mwingine. Plasma ya KDE, mazingira mengine ya Linux, kwa anayetaka kukusanya, ina kitu ambacho ningependa kukiona kila mahali: ukibofya kundi, unaweza kuliambia lionyeshe orodha ya majina badala ya picha.

Asiyeweza kubadili mipangilio, labda kwa sababu mashine si yake, bado ana njia. Shika Ctrl na ubofye aikoni ya Word iliyokusanywa: kila mbofyo unakupeleka kwenye dirisha linalofuata la Word, bila kupita kwenye picha ndogo. Kitufe cha Windows pamoja na namba kinafungua aikoni kwa mpangilio wake, 1 ni ya kwanza, 2 ni ya pili. Hapa kibodi zetu za AZERTY, za mpangilio wa Kifaransa, zinawatega wengi. Namba ziko juu na zinahitaji Maj (Shift), basi mtu anashika Windows, Maj na namba. Maj hapo ina maana nyingine kabisa: inafungua dirisha jipya la programu ileile, na mwambaa unazidi kujaa. Bonyeza kitufe cha & pamoja na Windows, bila Maj, na Windows itakihesabu kuwa 1; kitufe cha é ni 2, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa safu.