Walioiponda Wish You Were Here walisikia vizuri

Wish You Were Here, albamu ya Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, niliijua kwa kaseti, TDK ya dakika 60. Kona moja ya kasha imepasuka, nimeigandisha kwa gundi. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuja nayo mwaka 1986 akitoka melini. Alikuwa baharia kwenye meli za Wagiriki, na kila akirudi Tanga alishuka na sanduku moja la nguo na boksi la kaseti alizonakili huko huko safarini. Hii aliandika juu yake kwa kalamu ya bluu: P. FLOYD. Basi, hakuna jina la albamu wala la wimbo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili na Kiingereza changu kilikuwa cha salamu tu.

Nilidhani ni mbovu. Upande wa pili, katikati, muziki unakatika, inaingia sauti ya mtu anayezungusha kitafuta stesheni: mkwaruzo, maneno mawili matatu, vinanda na matarumbeta ya kizungu, halafu gitaa jembamba, la mbali, kama linalotoka kwenye redio yenye betri zilizochoka. Nikafungua deki nikasafisha hedi kwa pamba na spiriti. Nikarudisha. Mbovu vile vile. Siku hiyo ndiyo nilianza ufundi, msinicheke, kwa kutengeneza kitu ambacho hakikuharibika. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba ile ni redio ya gari la David Gilmour, yule mpiga gitaa wao, na kwamba vile vinanda ni simfoni ya nne ya Tchaikovsky, mtunzi wa Urusi. Walitaka gitaa la kwanza lisikike kama linatoka redioni, na la pili, lile nene, liwe la kijana aliyekaa chumbani kwake analifuatisha. Kijana huyo nilikuwa mimi, nasi hatukujuana.

Sasa nina kibanda Ngamiani, hapa Tanga, natengeneza redio na spika, kazi zenyewe za kuokoteza. Nafasi ya kusoma ninayo. Hivi karibuni nimekuwa nasoma walichoandika wahakiki albamu hii ilipotoka, Septemba 1975, nikashangaa. Mimi nilidhani dunia nzima iliinama chini. Kumbe walipondwa.

Kununua, watu walinunua: ilishika namba moja Uingereza na Marekani. Lakini gazeti la Melody Maker la London lilisema albamu ni nzito, unyofu wake haushawishi, na kwamba imepungukiwa na ubunifu kila idara. Kila idara! Hata anayeponda pilau ya harusi huacha angalau kachumbari. Na hata kabla haijarekodiwa, wimbo mrefu, Shine On You Crazy Diamond, walikuwa wameshaupiga jukwaani mwaka 1974, na mhakiki Nick Kent wa NME, gazeti jingine la muziki la huko, akawachana vibaya mno, akafika hadi kwenye nywele chafu za Gilmour. Huko sikumfuata. Nywele haziingii kwenye kinasa sauti.

Aliyenikalia kooni ni Ben Edmonds wa Rolling Stone, jarida la muziki la Marekani. Kwanza nieleze kisa, kwa wasiokijua. Bendi hii ilianza na Syd Barrett, ndiye aliyekuwa kiongozi na mtunzi. Akili yake ikayumba, dawa za kulevya zikiwamo, mwaka 1968 wakaendelea bila yeye. Miaka saba baadaye, wenzake wakiwa matajiri kupita kiasi kwa ile albamu ya 1973, The Dark Side of the Moon, wanakaa studio ya Abbey Road, London, kutunga juu ya mtu asiyekuwepo. Edmonds aliandika kwamba habari ya Syd wameisimulia kikavu mno, kiasi kwamba ingekuwa yale yale kama wangeimba juu ya shemeji yake Roger Waters, mpiga besi wao, kuandikiwa faini ya maegesho.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu kuna mtu namfahamu anayesimulia hivyo hivyo.

Mjomba alirudi mara ya mwisho mwaka 1994. Hakuandika barua kwa miaka mitatu. Siku hiyo mama alikuwa uani anachambua mchele, mlango ukabishwa, akaenda kufungua. Akamwambia yule mtu, "Karibu baba, unamtafuta nani?" Mdogo wake wa tumbo moja. Meno ya mbele hayapo, kichwa kimenyolewa, mwili umekuwa wa mtu mwingine. Mjomba hakujibu, alicheka tu, na kwa kile kicheko ndiyo mama akamjua. Nimemsikia mama akisimulia tukio hili pengine mara hamsini, na hajawahi kupandisha wala kushusha sauti. Anasimulia kama anayekutajia bei ya dagaa. Nikamwambia karibu, unamtafuta nani. Kumbe ni huyu. Basi nikampa maji. Mgeni asiyemjua mama angeondoka akisema huyu bibi hana huruma na ndugu yake.

Ndiyo maana nasema Edmonds alisikia sawasawa. Sikio lake halina kosa. Waters anaimba kama mtu anayesoma orodha, na Gilmour kwenye wimbo uliobeba jina la albamu anakohoa mwanzoni kama aliyeamka sasa hivi. Kosa la Edmonds ni kudhani ukavu ule ni upungufu, kwamba mtu mwenye uchungu lazima alie kwa sauti ya kupasua. Hao jamaa wa Pink Floyd Juni 5, 1975 walikuwa studio, wakaona mtu mnene kasimama, kanyoa kichwa na nyusi, wakadhani ni wa studio au ni mgeni wa mtu. Ikachukua muda kumjua kwamba ni Syd, na wimbo waliokuwa wanaushughulikia ni ule ule unaomhusu. Alikuwa na miaka 29. Ukishafanyiwa hivyo na maisha, unapandisha sauti kwa ajili ya nini?

(Najua, wimbo ulishatungwa kabla hajatokea. Lakini sauti za mwisho zilikuwa bado zinachanganywa, na mimi si hakimu, ni fundi.)

Juu ya urefu, hapo ndipo nawaonea wahakiki huruma. Shine On haina neno hata moja mpaka dakika ya nane na zaidi. Inaanza na mnong'ono wa glasi za mvinyo zilizosuguliwa ukingoni, mabaki ya jaribio lao la kutengeneza albamu nzima kwa vyombo vya nyumbani, wakalitupa wakabakiza glasi. Halafu kinanda cha Richard Wright kinatandaza, halafu zile noti nne za Gilmour, ting ting ting ting, zinakaa hewani bila haraka. Mtu wa gazeti anayetakiwa kupeleka kazi kesho anaona anapotezewa muda. Sisi tuliokua na taarabu tulikalishwa tangu utotoni tukangoja: bashrafu inapigwa yote, watu wanakunywa kahawa, mwimbaji bado anatengeneza ushungi. Nani alikwambia muziki unaanza mtu akifungua mdomo?

Kuna mahali lakini nakubaliana na waliowaponda, na nalisema nikiwa na kaseti yao mkononi. Zile nyimbo mbili za kati, Welcome to the Machine na Have a Cigar, ni za kulalamikia biashara ya muziki, na malalamiko ya mtu mwenye nyumba tatu yana kikomo chake. Hiyo ya pili hata kuiimba ilibidi waazime mtu, Roy Harper, aliyekuwa anarekodi kazi zake jengo hilo hilo. Ndiye anayeuliza kwa sauti ya bosi asiyejua lolote, ni yupi kati yenu aitwaye Pink. Hapo nacheka kila mara. Lakini mashine inayovuma dakika saba na ushee, mimi nina jenereta la jirani, linatosha.

Robert Christgau, mhakiki mwenye ulimi wa wembe, yeye mwaka ule ule aliipa A-, akasema kinanda chao kinatumika kutia rangi na gitaa kutoa maoni. Sijaona sentensi fupi iliyoieleza vizuri kuliko hiyo. Na Rolling Stone walipopanga albamu zao 500 bora mwaka 2003, ile albamu ya faini ya maegesho ikaonekana namba 209. Hawakuomba radhi, na sidhani wanapaswa. Gilmour na Wright, kila mmoja kwa wakati wake, waliitaja kuwa ndiyo albamu yao waliyoipenda zaidi. Syd alifariki 2006, Wright 2008.

Nimebakiza jambo la kaseti. Albamu ni dakika 44, utepe ni 60, kwa hiyo kila upande ulibaki na nafasi, na mjomba hakuwa mtu wa kuacha utepe mtupu. Mwisho wa upande wa pili alirekodi Black Star, kundi la taarabu la Tanga, Shakila anaimba. Mpaka leo nikiisikia Shine On kwenye harusi ya mtu (ilitokea mara moja, DJ alikosea), masikio yangu yanamngoja Shakila aingie.

Tatizo ni kwamba mjomba alibonyeza mapema. Miaka miwili iliyopita mteja aliniletea spika nzuri, nikazijaribu kwa kupiga albamu kutoka kwenye simu, nzima, bila Shakila. Mwisho kabisa, wakati sauti inafifia, Wright anapiga kwa kinanda kipande kidogo cha See Emily Play, wimbo wa Syd wa mwaka 1967. Noti chache tu, kama mtu anayepita dirishani. Miaka thelathini na kitu sikuwa nazijua, zilikuwa chini ya taarabu.

Nikazima spika, nikaitafuta kaseti, nikaiweka kwenye deki nikaisogeza hadi pale. Ukitega sikio, kabla tu fidla hazijaingia, inasikika noti moja. Ya pili inaanza, halafu klik, kidole cha mjomba.