Nyumba kaisafirisha mapema

Leo baada ya alasiri, Jaws Corner, Mji Mkongwe, Zanzibar. Kijana hodari wa bao la kujifunza, la wanaoanza, kakaa na wazee kucheza la kiswahili. Kete hazijamwishia mkononi, safu yake ya mbele nyeupe, tupu: kafungwa!

Akili anazo. Mchezo ndio mwengine.

La kujifunza, kete 64 zote zimo baoni, mbili mbili kila shimo, mnaanza na mtaji, yaani kucheza kete zilizomo baoni. La kiswahili kila mtu ana 10 tu baoni: 6 nyumbani (shimo maalumu la safu ya mbele), mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake. 22 ziko mkononi, unanamua, yaani unaziingiza baoni, moja moja.

Kijana kala vizuri kete za mwenzake, kete ya mwisho ikaangukia nyumbani, ng'ambo yake shimo tupu. Hapo una hiari: ulale (uishie hapo) au uisafirishe nyumba (uzichukue kete zake zote uendelee kuzigawa).

Kaisafirisha. Namua ya tatu tu!

Mzee kaweka kikombe cha kahawa chini, taratibu, kete hazijatulia bado.

Maana nyumba ikishavunjwa huna tena pa kulala, na kete zimetawanyika safu ya mbele, chakula cha mwenzio. (Kashata ililiwa kimya kimya.)

Nyie wenzangu, nyumba mnaisafirisha zikibaki ngapi mkononi?