Nilivyokamata programu haramu kwenye Linux yangu bila kuformati

Mtu wa Bukavu akiniambia tena "Linux haikamatake virusi", nitamwonyesha betri yangu. Hii kompyuta, ThinkPad ya zamani yenye Linux Mint, ilikuwa inanivusha jioni nzima umeme ukikatika. Ghafla ikaanza kuzimika kabla sijamaliza barua moja, feni inalia hata nikiwa sijagusa kitu.

Fundi mmoja wa Nyawera aliitazama kidogo tu: "Patro, iko na virusi. Tuformate tu." Dola ishirini na kitu, na faili zangu shauri ya Mungu. Nikaichukua nikarudi nayo nyumbani Nguba.

Nilianza na vile vinavyopendekezwa na kila mtu. ClamAV, antivirusi ya bure, ilikula mamia ya mega kushusha orodha yake ya virusi kabla haijaanza kazi, halafu ikanitolea virusi vya Windows vilivyokuwa vimejilalia kwenye kle (flashi ya USB). Asante sana! Kisha rkhunter, inayowinda programu zinazojificha ndani ya mfumo, ikanitoa jasho: onyo kwamba amri /usr/bin/lwp-request imebadilishwa kuwa skripti. Rafiki niliyemtumia picha akajibu kwa herufi kubwa nizime mashini nisiiwashe tena. Nikauliza dpkg -S faili hiyo ni ya nani: libwww-perl. Nikapitisha debsums, inayolinganisha faili na zile za asili, kwenye paketi hiyo: haijaguswa. Lwp-request ni skripti ya Perl tangu kuzaliwa, na onyo hilo limewatisha watumiaji wengi wa Debian na Ubuntu bure.

Mwizi mwenyewe hakuna skana iliyomtaja. Nilimwona kwa ps aux, amri inayoorodhesha kazi zote zinazoendelea, nikipanga kwa matumizi ya CPU, akiwa juu kabisa: [kworker/0:2]. Jina liko ndani ya mabano, vile kazi za kerneli (kiini cha Linux) zinavyoonekana pale, na wengi wangempita wakidhani ni mtu wa nyumbani. Ila soma safu ya kwanza, yenye jina la mwenye kazi. Kworker wa kweli ni wa root, msimamizi mkuu wa mfumo, na mzazi wake ni namba 2, kthreadd. Huyu alikuwa amesajiliwa kwa jina langu mimi! Nikapiga ls -l /proc/, namba yake, /exe, kiungo kinachoonyesha programu imetoka faili gani. Kazi ya kerneli haina faili ya kuonyesha hapo. Huyu akanionyesha folda yenye nukta mbele, imejificha ndani ya ~/.cache. Hata faili ikifutwa kwenye diski, kiungo hicho bado huonyesha ilikotoka, na neno "deleted" mwishoni.

Nikamuua kwa kill -9. Feni ikanyamaza. Nikasimama kuchukua chai, na kabla sijakaa feni ikalia tena: namba mpya, jina lile lile. Nikamuua tena, akafufuka tena. Kulikuwa na mlinzi mahali anayechungulia kama bwana wake yu hai. Hapo nikaacha kuua, nikamgandisha: kill -STOP. Bado yumo kwenye orodha, hali yake herufi T, ila hafanyi lolote. Mlinzi akaja, akamkuta "hai", akaondoka. Hila hiyo naipenda mpaka leo.

Kukiwa kimya nikatafuta. crontab -l, orodha ya kazi zinazojirudia kwa ratiba: mstari mmoja wa nyota tano, yaani kila dakika. ~/.config/autostart, ya vinavyojiwasha ukiingia: faili nyingine iliyojiita huduma ya sauti. ~/.profile, ~/.config/systemd/user na ~/.ssh/authorized_keys (sehemu nyingine za kujiwashia au kuingilia) zilikuwa safi, lakini usiziruke. Kabla ya kufuta nilinakili ile programu kutoka /proc nikaipeleka VirusTotal, tovuti inayopitisha faili kwenye antivirusi nyingi. Antivirusi kadhaa zikaiita CoinMiner, mchimbaji wa sarafu za kidijitali. Kumbe kurenti yangu ilikuwa inamtajirisha mtu nisiyemjua.

Ilikujaje? Mpwa wangu alileta mchezo wa kraki kwenye kle. Bahati ni kwamba hajui nenosiri la sudo, linalompa mtu nguvu za root, kwa hiyo uchafu ulibaki ndani ya home, folda yangu mwenyewe. Ungefika kwa root, hata mimi ningeformati bila ubishi, maana mfumo ulioshikwa hivyo unaweza kukudanganya hata kwenye ps yenyewe.

Maneno yangu ya siri niliyabadilisha kupitia simu, si kwenye kompyuta hiyo. Na mpwa nimemfungulia akaunti yake. Alinuna kidogo: "Yaya, sasa huniamini?" Nikamwambia michezo alete tu, ila ichimbe kwake.